Mwaka Tuliosugua Mizinga

Ninaandika haya nikiwa nyumbani likizoni, upande wa Sikonge, na meza yangu ni kinu kilichopinduliwa. Daftari langu la mwaka mzima liko mbele yangu. Nimelisoma lote tangu jana na nimejionea aibu, maana karibu kila ukurasa una maneno yaleyale: "Leo nilitaka kusema, sikusema." Nilitaka kuomba chumvi mezani, sikusema. Nilijua jibu la hesabu, sikusema. Mwalimu wa jiografia aliniita kwa jina la mwenzangu muhula mzima, nami nikawa naitika. Hayo yalikuwa yangu peke yangu. Lakini mwaka huu nilinyamazia jambo lililokuwa la bweni zima, na hilo ndilo ninalotaka kuliandika sawasawa, pamoja na jinsi lilivyokwisha.

Shule yetu iko Tabora, na ina mabweni matatu. Yana majina yake ya heshima yaliyopakwa rangi kwenye vibao, ila sijamsikia mtu akiyatumia isipokuwa Mwalimu Mkuu. Bweni lililo karibu na kengele sisi huliita Kengeleni. Lililo karibu na kisima ni Kisimani. Letu liko mwisho kabisa, karibu na vyoo, basi sisi ni watu wa Chooni. Tumezoea.

Jambo ambalo hatukuzoea ni sufuria. Mashindano ya mabweni huanza Agosti na kwisha Julai, kwa kufuata kalenda ya Ulaya, huko kwao Mwalimu Mkuu, na mwishoni bweni la kwanza hupewa ngao. Hiyo ni desturi yake. Wanafunzi nao wana desturi yao, ya zamani kuliko walimu wengi: bweni linaloshika mkia hutundikiwa juu ya mlango sufuria kuukuu ya jikoni, iliyotoboka matundu chini na ubavuni. Hukaa hapo mwaka mzima, na kila apitaye ana haki ya kuigonga. Kwetu ilikuwa imekaa miaka mitatu mfululizo. Na kwa kuwa njia ya vyoo inapita mlangoni petu, hakuna mtu shuleni asiyepita. Alfajiri, kabla ya kengele, tulikuwa tumeshaamka.

"Hodi Chooni!" Ngwa! "Ugali umeiva?"

Huyo alikuwa kiranja wa Kisimani, na hakukosa hata siku moja. Alikuwa na fimbo yake maalumu ya kugongea.

Kiranja wetu alikuwa darasa la mwisho. Alikuwa mtoto wa mjini, baba yake anauza vitambaa, na Ijumaa akivaa kanzu yake hakuna aliyethubutu kumpita karibu akiwa na kikombe cha chai. Alipoanza shule alikuta ngao iko kwetu. Mwaka uliofuata ikaja sufuria na haikuondoka tena. Agosti, siku ya kwanza, alitukusanya akatuonyesha msumari wa juu ya mlango.

"Mimi Julai naondoka," alisema. "Nikiondoka nikaiacha sufuria hii hapa, hata nikienda kuwa karani, hata nikioa, nitakuwa nasikia hiyo ngwa. Mnanielewa?"

Tulimwelewa. Mimi hasa nilimwelewa, kwa sababu kitanda changu ndicho kilicho karibu zaidi na mlango.

Kitu kimoja tu tulikiweza kila mwaka: usafi. Kiranja alitufanya tusugue sakafu kwa mchanga, ndoo kwa majivu, hata mipini ya majembe kwa sabuni. Mkaguzi akipitisha kidole chake juu ya mlango, kinatoka cheupe. Alama za usafi zilikuwa zetu bila ubishi, na nyingine zote zilikuwa za wenzetu. Mwaka huu, Septemba, tulifungwa mpira na Kengeleni, tukafungwa na Kisimani, na sufuria ikagongwa kwa idadi ya mabao.

Ndipo mwalimu wa kilimo akaleta jambo jipya. Alisema mwaka huu kutakuwa na shindano la asali, na alama zake zitakuwa nyingi kuliko za mpira. Alikuwa amenunua mizinga tisa ya magogo kwa warina asali wa msituni, mizinga mikuukuu, na kila bweni likapewa mitatu. Tuitundike kwenye miti ya miombo nyuma ya shamba la shule, na Juni tutarina.

Mizinga yetu ilipofika mlangoni, kiranja aliizunguka kama mtu aliyeletewa maiti asiyoijua. Ilikuwa myeusi kwa moshi. Ndani ilikuwa na nta ya zamani na ile gundi nyeusi ambayo nyuki huzibia nyufa, na ilitoa harufu nzito, tamu, ya kuchomachoma pua. Mimi harufu ile nimezaliwa nayo. Baba yangu ni mrina asali. Niliinusa nikataka kulia kwa kukumbuka nyumbani.

"Uchafu gani huu?" alisema kiranja. "Leteni maji. Leteni sabuni na mchanga. Kitu kikikaa chini ya jina la bweni hili, kitakuwa safi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Kwetu hata mtoto wa miaka mitano anajua kwamba mzinga hauoshwi. Harufu ileile ndiyo inayomwambia nyuki kuwa hapa palikaliwa, hapa panafaa. Nilifungua mdomo. Kiranja akaniona.

"Wewe, mbona umesimama? Chukua brashi."

Nikachukua brashi. Na nitaandika ukweli: nilisugua kuliko wote. Nilisugua kwa sababu mtu anayesugua hatazamwi usoni. Tulitoa gundi yote, nta yote, tukaanika juani, kisha tukapaka chokaa, nje na ndani. Mizinga ilipotundikwa ilikuwa inang'aa mtini kama meno. Kengeleni na Kisimani walitundika yao vilevile ilivyokuja, kwa uvivu tu.

Katika daftari, siku hiyo, niliandika: "Nilitaka kusema, sikusema." Nikapiga mstari chini.

Oktoba tulipata furaha yetu ya kwanza. Mbio za nyika shuleni petu hufuata ile njia ya zamani ya misafara, ya kwenda Ujiji, ambayo babu zetu walipita na mizigo ya pembe za ndovu. Mkimbiaji wetu alikuwa jirani yangu wa kitanda, kijana wa Ziba, aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Siku moja kabla, watu wa Kisimani walimcheka miguu.

"Huyu anakimbia pekupeku? Atachomwa na miiba."

"Miiba ya kwetu inanijua," alisema. "Ya hapa itanifahamu kesho."

Alirudi wa kwanza, na mwenziwe wa pili alikuwa bado haonekani. Alipofika kwenye kamba alitazama nyuma, akauliza kama wengine wamepotea njia. Tulimbeba hadi mlangoni, na kwa mara ya kwanza tukaigonga sufuria sisi wenyewe, kwa shangwe. Kisha Novemba tukashinda nyimbo, kwa sababu tuna vijana wa misheni wanaojua sauti nne, na kiranja wetu, ambaye hajawahi kuingia kanisani, aliwasimamia kwa fimbo mpaka wakaimba kama mtu mmoja. Likizo ya Desemba ilipofika, hatukuwa mkia peke yetu. Tulikuwa sawa na Kisimani, na Kengeleni walituzidi kidogo tu.

Ilibaki asali. Na Januari, tuliporudi, mizinga sita ilikuwa na nyuki. Mitatu iliyobaki, myeupe, haikuwa na hata nzi.

Kiranja wa Kisimani alibadilisha salamu yake. Ngwa! "Hodi Chooni! Nyuki wenu wameenda kuoga?"

Bweni zima lilikuwa linatafuta sababu. Mmoja alisema miti yetu ni mibaya. Mwingine alisema Kisimani wametutilia dawa. Kiranja alisema pengine chokaa imeshika vumbi, tuipake upya. Niliposikia hilo nililala kwenye kitanda changu nimetazama juu, na moyo ulikuwa unapiga kuliko sufuria. Kijana wa Ziba aliniuliza kama nina homa. Nilimwambia yote. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Basi nenda ukamwambie."

"Mwambie wewe."

"Mimi najua nyuki? Mimi najua ng'ombe. Nenda."

Nilikwenda alasiri ya siku iliyofuata. Kiranja alikuwa chumbani kwake anapiga pasi ya mkaa. Nilisimama mlangoni mpaka akamaliza mkono mmoja wa shati.

"Una shida?"

"Kaka, ile mizinga."

"Imefanya nini?"

"Inanuka sabuni."

"Sasa si ndiyo vizuri?"

"Nyuki si mkaguzi, kaka."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Aliweka pasi chini. Nikamweleza, nikimtazama kola ya shati na si macho: harufu, nta, gundi, kwamba sisi tumeifuta nyumba ikawa kama haijawahi kukaliwa na nyuki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua lini haya?"

"Tangu siku ile."

"Siku ile tunasugua?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulisugua?"

"Nilisugua sana, kaka."

Nilingoja anipige au anifukuze. Alikaa kitandani, akashika kichwa, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Na mimi nilikusifu," alisema. "Nilisema tazameni mwenzenu anavyosugua." Alijifuta macho. Kisha uso ukarudi wa kiranja. "Mizinga si yangu tena. Ni yako. Utatuamuru, mimi nikiwemo. Lakini ukinong'ona, nitakwambia rudia."

Nilimwandikia baba barua. Wiki mbili baadaye alifika kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi, na furushi la majani limefungwa nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hebu nionyeshe."

Tulimpeleka mitini. Aliitazama mizinga myeupe, akaizunguka, akaniuliza kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini ili wenzangu wasisikie, "Mliisugua?" Nikasema ndiyo. "Na hiyo nyeupe?" Nikasema chokaa. Baba yangu ni mtu mpole, hacheki ovyo. Alishika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili, akainama, akacheka mpaka kengele ya baiskeli ikawa inalia yenyewe. Kisha akafungua furushi. Ndani kulikuwa na donge la nta ya zamani na gundi nyeusi, kubwa kama kichwa cha mtoto. Hakutaka kukaa kuona. Alisema, "Kazi unaijua," akapanda baiskeli akaenda kulala kwa ndugu zetu kule Kitete.

Jumamosi ile niliamuru vijana ishirini na wanane. Tuliteremsha mizinga, tukaparura chokaa kwa visu na vipande vya chupa. Tuliwasha nyasi ndani tukaubabua ubao mpaka ukawa mweusi tena. Tulipaka nta ingali moto, tukasugua gundi kuzunguka tundu la kuingilia.

"Rudia!" kiranja alikuwa akipiga kelele kila niliponong'ona, mikono yake myeusi mpaka viwikoni. "Hatujasikia! Tupake wapi?"

"Mdomoni!" nilipiga kelele. "Pakeni mdomoni mwa mzinga!"

Kijana wa Ziba alisema baadaye kwamba watu wa Kengeleni walisimamisha mpira kusikiliza ni nani anayefoka.

Siku ya nne mzinga wa kwanza uliingia nyuki. Nilikuwa shambani napalilia, nikasikia mvumo ukipita juu ya vichwa vyetu kama mvua ya mbali, nikatupa jembe nikakimbia chini yake. Kabla ya mwisho wa Februari yote mitatu ilikuwa imejaa. Mwezi wa nne miombo ikachanua, na nikawa napita kila alasiri kuweka sikio kwenye gogo. Kiranja akawa ananiuliza, "Wanasemaje?" Namwambia wako kazini.

Juni mwishoni mwalimu wa kilimo alitangaza siku ya kurina. Alama zilikuwa zimebanana. Kengeleni walikuwa mbele, sisi na Kisimani tulikuwa sawasawa nyuma yao. Yaani asali ile ingeweza kutupa ngao, na ingeweza pia kutuacha na sufuria kwa mwaka wa nne. Kiranja hakula mchana ule.

Kurina kunahitaji moshi. Baba hutumia mwenge wa maganda ya mti, lakini mwalimu alikataa moto wazi karibu na shamba kavu. Nilihitaji chombo cha kushika makaa, chenye matundu ya kutolea moshi. Nilizunguka jikoni na stoo bila kupata kitu. Niliporudi bwenini nilipita mlangoni, nikasimama, nikatazama juu.

"Hapana," alisema kiranja. "Haitoki hapo mpaka siku ya ngao. Ndiyo desturi."

"Desturi inasema ikae kwetu," nilimwambia. "Haisemi isifanye kazi."

"Wewe siku hizi unasema sana," akasema, na akaleta kiti mwenyewe akaiteremsha.

Kijana wa Ziba aliijaza makaa na samadi kavu ya ng'ombe, kisha majani mabichi juu. Moshi ulitoka kwenye kila tundu, mweupe na wa polepole. Nilipanda mtini jua likiwa limeshuka kidogo, sufuria inaning'inia kwenye kamba kiunoni, na nyuki walirudi nyuma kana kwamba mtu kawaomba kwa adabu. Nilichukua masega ya asali iliyoiva tu, yaliyofunikwa. Yenye majana, wale watoto weupe wa nyuki, niliyaacha. Niliumwa mara sita na sikupiga kelele, na safari hii kimya changu kilikuwa na faida.

Kutoka hapo kazi ikawa ya bweni. Ndoo zilizosuguliwa kwa majivu. Kitambaa cheupe kutoka dukani kwa baba yake kiranja, kimechemshwa mara mbili. Tulichuja asali mpaka ukiiweka kwenye chupa unaona kidole chako upande wa pili. Usafi wetu ulikuwa umepata mahali pake.

Kwenye mizani, mbele ya shule nzima, Kengeleni waliweka ndoo moja na nusu, nzuri. Kisimani waliweka ndoo mbili, zimejaa, wakashangilia. Mwalimu wa kilimo alichovya mwiko, akautoa na majivu, mabawa, na majana yaliyopondwa. Walikuwa wamekamua kila kitu walichokikuta.

"Hii ni asali au mchuzi?" aliuliza, akakata zaidi ya nusu ya alama zao.

Yetu ilikuwa ndoo mbili kasoro kidogo. Alichovya, akainua mwiko, asali ikateremka kama uzi usiokatika. Alimpa Mwalimu Mkuu aonje. Mwalimu Mkuu alionja, kisha akaonja tena, kisha akasahau kurudisha mwiko.

"Nani amefanya hii?" aliuliza.

Vijana ishirini na saba na kiranja wao waligeuka kunitazama.

"Sisi, Bwana," nilisema. Na ilisikika hadi nyuma, nimeulizia.

Ngao ilikuwa yetu. Kiranja aliipokea, na yule ambaye hajawahi kuruhusu hata tone la chai kwenye kanzu yake aliikumbatia kifuani ingali na vumbi la miaka iliyokaa kabatini kwa wenzetu.

Lakini siku haikuwa imekwisha, maana sufuria ilikuwa ya kwenda Kisimani. Desturi inataka bweni linaloondokewa liipeleke kwa maandamano, na mtu mmoja aitundike na kusema neno la makabidhiano mbele ya mlango mpya. Kila mtu alijua atakuwa kiranja. Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu akiwa mdogo kuliko mimi. Tulikwenda tukiimba, vijana wa misheni na sauti zao nne, hadi mlangoni kwa Kisimani, ambako wenyewe walikuwa wamejipanga wamenuna, na kiranja wao mbele ameshika ile fimbo yake.

Kiranja wetu akanipa mimi sufuria.

"Kaka, mimi siwezi."

"Rudia," alisema. "Hatujasikia."

Nilipanda kiti. Sufuria ilikuwa nyeusi tii kwa moshi wa mizinga yetu, na nta ilikuwa imegandia kwenye matundu. Niliitundika kwenye msumari. Nilimtazama kiranja wa Kisimani, na alikuwa akiinusa ile sufuria, uso umekunjamana, kwa sababu ilinukia asali kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia bwenini mwao.

"Tumewaletea," nilisema, kwa sauti niliyoitumia siku ile ya kupaka nta. "Kaeni nayo vizuri. Ila msiisugue."

Sikusikia kilichofuata kwa sababu nilikuwa tayari nimebebwa. Jana nilipomsimulia baba na kufika hapo, aliniuliza kama niliwaambia kwa sauti au kwa kunong'ona. Nikamwambia kwa sauti. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye gogo analolichonga, na nilimwona mabega yanatikisika.